Siku Gaju Alipopanda Bugeshi

Kitu cha kwanza nilichokikosa baada ya kustaafu ni uzito wa funguo. Miaka yote nilitembea na fungu zima kiunoni: ofisi tunayoiita biro, maktaba, ghala, choo cha walimu, na funguo mbili tatu ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini lakini hakuna aliyethubutu kuzitupa. Sasa nikitoka nyumbani nafika getini, najipapasa, nashtuka. Mume wangu ananiambia, "Mama, umeshakabidhi." Najua nimekabidhi. Kiuno ndicho kisichojua.

Kwenye chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu chama chetu cha wakuu wa shule, jinsi tulivyokiendesha zamani. Sawa. Nani alipandishwa cheo na lini, sitaandika. Mwulizeni mwenyewe, atawaeleza hata kabla hamjamaliza swali. Nitaandika mambo ambayo mkuu mpya hafundishwi popote. Naandika kwa Kiswahili hiki changu cha Karagwe nilikokulia, mnachokicheka, na wenzangu nitawaacha waseme chao kama walivyokisema. Pale tulipoongea Kinyarwanda nimejitafsiria mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kama mkuu, kule Cyanzarwe, nilifungua mlango wa biro nikakuta kuku ameatamia mayai kwenye kiti changu. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameondoka muda mrefu, na dirisha halikuwa na kioo. Walimu walijipanga nyuma yangu kuona bosi mpya atafanya nini. Nilimtazama yule kuku, naye akanitazama kama mtu anayeuliza nimekuja kwa barua ya nani. Basi nikafunga mlango polepole, nikaomba benchi, na shule nikaiendeshea nje mpaka vifaranga walipotoka. Wazazi wakasema, huyu mama ana subira. Ukweli ni kwamba naogopa kuku wanaoatamia, lakini sifa ikija mlangoni huirudishi.

Pale benchini nilijifunza kazi kuliko ambavyo ningejifunza ndani. Nilimwona mtoto anayechelewa na njia anayotokea. Nilimwona mwalimu anayeingia darasani akitembea na anayeingia akijikokota. Nilisikia masufuria ya jikoni, nikajua mapema kama saa ya chakula itatukuta tayari. Hata nilipopata kiti changu, lile benchi nililiacha pale pale.

Mkutano wa kwanza wa chama niliohudhuria ulikuwa Gisenyi mjini, katika shule iliyo karibu na ziwa. Mwenyekiti alikuwa Prefe Kalisti, mzee mfupi aliyekulia upande wa Congo, ambako mkuu wa shule huitwa prefe, mwenye sweta la kijivu msimu wote na filimbi shingoni. Filimbi ile hakuivua hata harusini. Wakuu waliorudi kutoka Congo walikaa upande mmoja na Kifaransa chao, waliotoka Uganda upande mwingine na Kiingereza chao, na mimi nikabaki katikati nimeshika kikombe kitupu. Agenda ilisomwa kwa Kinyarwanda. Lakini chai ilipoletwa, na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, zikafuata, wote wakahamia Kiswahili, na hapo ndipo mkutano wenyewe ulipoanza.

Nilisimama kujitambulisha. Nikasema, "Ndugu zangu, ninayo furaha kubwa kujumuika nanyi."

Prefe Kalisti akacheka mpaka akashika meza. "Ayii! Huyu mama anasema kama redio! Ikala, kaa chini, Mutanzania. Hapa haiko kwenye habari ya saa mbili."

Tangu siku ile nikawa Mutanzania. Nina jina zuri nililopewa kanisani, wala hamlijui.

Prefe ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anakuja Cyanzarwe kwa pikipiki, amejifunga kitambaa masikioni kwa baridi, na hakuwa anaingia bironi kwanza. "Mutanzania, ukitaka kujua masomo ya mutu, usianze ku biro. Biro inaweza danganya. Anza ku choo, kisha jikoni, kisha darasa ya nyuma kabisa. Ukifika ku biro, tayari unajua yote, unakunywa tu chai." Kwao shule ni "masomo", nami nikazoea. Alinifundisha kutembea shuleni na buti za mpira miguuni na viatu vizuri ndani ya mfuko, kwa sababu wageni wakubwa hufika siku ya matope. Alinifundisha kutomkaripia mwalimu mbele ya watoto, na kutomsifu mbele ya walimu wenzake bila kuwasifu na wawili wengine. Haya yote nimeyafuata; sweta lake tu ndilo sikuliiga.

Chama kilikuwa na desturi mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza tuliiita kengele. Wageni wa wizara au wa wilaya wakiondoka shuleni kwako, kabla vumbi la gari halijatulia unampigia simu mkuu wa shule inayofuata: wameuliza hiki, wamekataa kile, yule wa miwani anapenda maktaba. Ya pili ilikuwa kuazimana. Hakuna shule iliyokuwa na kila kitu, lakini tukijumlisha tulikuwa na kila kitu. Kulikuwa na hadubini moja nzuri, tufe moja la dunia lisilo na kovu, mapazia ya kijani na viti vya bluu vya plastiki. Vitu hivi vilizunguka wilaya nzima mbele ya wageni, na nina hakika ile hadubini ilikuwa imesafiri kuliko sisi sote. Msafirishaji wetu alikuwa Hamisi, kijana wa mjini mwenye pikapu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara. Alikuwa akipakia anasema, "Wakubwa wa masomo, siku moja mtaniambia nipakie na wanafunzi."

Tulicheka. Hatukujua kwamba tulikuwa tumebakiza hatua moja tu.

Prefe alipochoka kuongoza, chama kilinichagua mimi. Msidhani ni kwa sifa. Niliitwa nje na mpishi kuangalia kama wali umeiva, na niliporudi nikakuta wote wanapiga makofi na Prefe ananivika filimbi. "Mutu asiyekuwa ndani hawezi kataa," akasema. Nilikataa hata hivyo, ila filimbi ilikuwa tayari shingoni.

Sasa niwaambie kuhusu Bugeshi, maana ndiko nilikojifunza uongozi, na uzee wangu wote kazini umetokana na siku ile moja.

Bugeshi mnaijua: juu, chini ya volkano, ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Mkuu wa shule ya kule alikuwa Vestine, dada mwembamba, mpole, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu apewe shule. Shule yake iliishia kidato cha tatu. Mtoto akimaliza pale, aliyetaka kuendelea alipaswa kupata bweni mbali, na wazazi wa kule walikuwa wanampeleka mmoja, tena mvulana, wengine wanarudi kwenye viazi. Vestine mwenyewe alizaliwa kule. Ameniambia zaidi ya mara moja: darasa lao lilikuwa na wasichana wengi, na aliyeendelea ni yeye peke yake, kwa sababu shangazi yake alikuwa mkali kuliko baba yake.

Msimu ule wizara ilikuwa inachagua shule za kuongezewa madarasa ya juu. Wilaya ilisema katika zile za mlimani itachukua moja, basi. Ujumbe kutoka Kigali ungepita kuzitazama. Bugeshi ikikosa, hakuna aliyejua zamu nyingine itakuja lini, na Vestine alikuwa hapati usingizi. Alinipigia simu kila jioni. "Madamu Direktrisi, nikikosa hii, watoto wangu wamekwisha." Hakusema wanafunzi, alisema watoto wangu.

Ujumbe ulianzia mjini, kwa Prefe Kalisti. Shule yake ina madarasa ya juu tangu zamani, walikwenda tu kusalimia na kuona mfano mzuri. Walipoondoka, Prefe akapiga kengele.

"Mutanzania! Shika kalamu. Mukubwa wao ni muzee, murefu, anatembea na fimbo. Ku maktaba hakuuliza kitu. Ku laboratwari hakuuliza kitu. Donc, unajua aliuliza nini? Alisimama ku majani pale nyuma, akaniuliza: Prefe, na ngombe iko wapi?"

"Ng'ombe?"

"Ngombe! Iko wapi! Mimi nikasema tuko mujini, muzee. Akatikisa kichwa namna hii, na masikitiko. Mutanzania, siku hizi wanaangalia lishe ya watoto. Maziwa. Mwenye hana ngombe, kwisha habari yake."

Niwaulize ninyi mliosoma: mtu akisimama kwenye majani mazuri akauliza ng'ombe yuko wapi, hilo ni swali la wizara au ni mazungumzo? Leo hii nacheka. Lakini sisi wakuu wa shule tunaishi kwa kutabiri nia za wageni. Kabla ya chakula cha mchana, wilaya nzima ilijua kwamba kigezo kipya ni ng'ombe. Mwenzetu mmoja alianza kujenga zizi bila hata kuuliza bei ya ng'ombe.

Vestine hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na kondoo wawili wa shule, na mmoja alikuwa mgonjwa. Majirani zake walikuwa na ng'ombe, lakini hilo tulilikataa mapema. Ukiazima ng'ombe wa jirani, jirani naye anakuja na suti yake kumwangalia ng'ombe wake mbele ya wageni. Ikabaki shule moja tu yenye ng'ombe wa kuonyeshwa, na ilikuwa yangu.

Gaju alikuwa ng'ombe mwekundu, mpana, mwenye macho ya mtu aliyelala vizuri. Maziwa yake yalikuwa ya watoto wa chekechea. Nilimpenda kuliko baadhi ya walimu, nao walijua. Nilimwambia Vestine, "Nakupa, lakini jioni arudi, watoto wangu wanywe." Akalia kwenye simu kwa furaha. Nami nikajiona mwenyekiti hasa.

Asubuhi Hamisi akaja na pikapu. Alikuwa ameshapitia viti vya bluu, tufe la dunia, mapazia na ile hadubini imefungwa kwenye blanketi. Tulimpandisha Gaju kwa ngazi ya mbao, mwalimu wa hesabu akisukuma nyuma. Nafasi ikaisha. Ndama wa Gaju, bado mdogo, alikuwa amesimama chini anatutazama.

"Na huyu?" Hamisi akauliza. "Nikiweka huyu, nashusha viti."

Nikampigia Vestine simu, tukashauriana, wakuu wawili wa shule wenye vyeti ukutani, tukaamua kuchukua viti.

Nilipanda mbele na Hamisi, na njia nzima Gaju alikuwa anatoa sauti. Hamisi akasema anaogopa kona. Nami nikasema ndiyo, ni kona.

Bugeshi walikuwa wamejiandaa, jamani. Ua umefagiwa mpaka mawe yanang'aa, mapazia ya kijani yamening'inia kwenye madirisha ya biro, Vestine amevaa mushanana, lile vazi la sherehe, wa rangi ya samawati na anatetemeka kwa baridi. Nilipotazama madarasani nikaona watoto wote wana sare. Hilo lilinishangaza kidogo, kwa sababu nilishawahi kufika pale na nilijua kuna vijana wakubwa wasio na sare ambao hukaa benchi la nyuma. Nikamwuliza.

"Nimewaficha jikoni," Vestine akasema. "Hawako kwenye hesabu ya shule. Prefe aliponipigia na mimi kengele alisema wageni hawapendi watoto wasio na sare."

Nikasema vizuri. Haraka ya siku ile ilikuwa imetufunga macho sote.

Gari la wageni likafika. Mzee akashuka, mrefu kweli, na fimbo yake. Alisalimia kwa Kinyarwanda cha heshima, akapita kwenye viti bila kukaa, akapita kwenye tufe bila kuligusa, akainamia hadubini akasema nzuri, kama mtu anayesifu sufuria. Halafu Gaju akalia kutoka nyuma ya madarasa. Mzee akasimama. Uso wake wote ukafunguka, akaanza kwenda kwa ile sauti, nasi tukamfuata mbio mbio, Vestine ameshika mushanana usiburute matopeni.

Gaju alikuwa amefungwa chini ya kibanda cha kuni. Mzee akampapasa shingo, akamwimbia kidogo kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya watu waliokua nao. Akatazama kiwele kilichojaa. Akageuka, akaacha Kinyarwanda cha mkutano, akaingia Kiswahili cha Masisi, milima ya wafugaji kule Congo. Nikajua tumekwisha.

"Bon. Mama Direktrisi, hii ngombe iko muzuri sana. Mukamue kidogo nionje."

Mpishi akaleta ndoo. Gaju alimtazama, akainua mguu taratibu, na ndoo ikafika karibu na viti vya bluu. Mpishi akajaribu tena. Ndoo ikaenda tena. Kisha Gaju akanyoosha shingo kuelekea Cyanzarwe, akalia sauti ndefu ambayo hata mimi nisiyejua ng'ombe niliielewa.

Mzee akasema pole pole, "Haiwezi toa maziwa. Iko inaita mutoto yake. Mutoto iko wapi?"

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na pale kila mtu alikuwa anaitazama kamba. Katika chama chetu kulikuwa na sheria moja iliyo juu ya zote: mwenzako humwachi peke yake mbele ya wageni. Nilikuwa mwenyekiti. Nilivuta pumzi nikaanza, "Mheshimiwa, ng'ombe huyu, kwa utaratibu wetu wa lishe, ndama wake kwa sasa..." Sikujua sentensi ile inakwenda wapi. Nilitegemea itanionyesha njia yenyewe.

Vestine akanishika mkono.

"Si yetu," akamwambia mzee. "Tumeiazima. Viti pia, na tufe, na kile cha kutazamia vidudu. Na mapazia. Muzee, mi nisiendelee kukudanganya. Kitu yetu ni watoto tu."

Mana we! Nilimwonea uchungu, nikajionea aibu, na chini kabisa nikajisikia nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akaegemea fimbo.

"Basi nionyeshe hao watoto."

"Wale wa darasani umewaona," Vestine akasema. "Sasa njoo uone wengine."

Akatupeleka jikoni. Mule ndani, kwenye moshi, walikuwa wamekaa wasichana na wavulana wakubwa, masweta yao yametoboka viwiko, wanamenya viazi vya chakula cha wageni. Ukutani, pale moshi haujafika, mtu alikuwa ameandika kwa chaki maswali ya hesabu, na walikuwa wanamenya wanajibishana. Mmoja, msichana mwenye uso wa duara aliyekuwa ameshika kisu na kiazi, akasimama kwa niaba ya wenzake. Jina lake Olive.

Mzee akamwuliza, "We uko darasa gani?"

"Nilimaliza kidato ya tatu, muzee. Mwaka jana."

"Kama ulimaliza, unafanya nini hapa?"

"Tunakaaga nyuma, tunarudilia somo. Asubuhi tunalima, kisha tunakuja. Direktrisi anatuachia."

"Munarudilia kitu mwenye munajua? Ya nini?"

Olive akatazama kiazi chake. "Ile ya mbele ikikuja, isitukute tumesahau. Tunangoja."

"Munangoja nani?"

Mtoto yule akamtazama moja kwa moja. "Munangojwa ninyi."

Moshi ulikuwa mwingi, kila mtu alipata kisingizio cha kufuta macho. Mimi sikuhitaji kisingizio, nililia tu. Mzee alikaa juu ya gunia la viazi, na fimbo yake akaiweka chini. Akawauliza lile swali la mwisho pale ukutani. Walimjibu kwa pamoja, wakakosea, wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakapata. Alikaa muda mrefu. Chakula kililiwa mule mule jikoni, viazi na maharage na chai kavu, na vile viti vya bluu havikukaliwa na mtu.

Alipokuwa anaingia garini alimwita Vestine, nami nikasogea, sikutaka kupitwa. Akasema, "Mama, mi sina ruhusa ya kuahidi kitu. Lakini nieleze. Mulikodi gari, mukaleta ngombe ya watu, juu ya kuficha hawa?" Akatikisa kichwa, akaendelea. "Na ku ile masomo ya mujini, mi niliuliza ngombe sababu majani ilinifurahisha. Basi. Ni vile nilizaliwa ku ngombe." Kisha akanielekezea fimbo mimi. "Hii ngombe irudi kwa mutoto yake sasa. Isifike jioni."

Tulirudi na Gaju bila viti. Hamisi alijizuia mpaka tulipofika penye lami, ndipo akaangua kicheko ambacho hakikuisha mpaka Cyanzarwe. Ndama alisikia pikapu kabla yetu, akaja mbio. Watoto wa chekechea walipata maziwa yao, ingawa walimu walisema siku ile Gaju alitoa kidogo, kwa kununa.

Majibu yalichukua muda. Vestine alikonda zaidi, kama inawezekana. Ilipokuja simu ya wilaya, alinipigia akashindwa kusema, nikasikia tu kelele za watoto nyuma yake, na ngoma, nikajua. Bugeshi ilipewa madarasa ya juu. Wale wa jikoni ndio waliokaa madawati ya mbele.

Mkutano uliofuata wa chama nilidhani Prefe Kalisti atatetea kengele yake. Aliomba kusema wa kwanza. "Wandugu, wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi ndiyo niliyeleta ile habari ya ngombe. Makalio ya chama yote ilionekana, na mimi nilikuwa nimeisimamia." Watu walicheka wakaanguka. Halafu tukazungumza kwa dhati, na mambo mnayoyakuta leo yalianza siku ile. Kengele tuliibakiza, lakini mpigaji anaeleza wageni walichouliza tu, hasemi cha kuficha. Kuazimana tulikubakiza pia, kwa sababu kuazima si dhambi; ila kila kinachoazimwa kinatajwa mbele ya wageni kuwa kimeazimwa, na kutoka kwa nani. Mnajua kilichotokea? Wageni walianza kutusifu kwa ushirikiano. Hadubini ile ile tuliyokuwa tunaificha kama ya wizi ikaandikwa kuwa mfano wa kuigwa. Dunia hii!

Na mwenzako humwachi peke yake mbele ya wageni, hiyo ipo bado. Ila nilijifunza kwamba kumsimamia mtu si kumpangia uongo mzuri. Vestine alisimama mwenyewe, na mimi nilichomsaidia ni kufunga mdomo, kazi ambayo mume wangu atawaambia hainijii kirahisi.

Baada ya hapo niliongoza miaka mingi. Kulikuwa na matetemeko yaliyopasua kuta zetu, tukafundisha nje, nami nikalibariki tena benchi langu. Kulikuwa na mkuu aliyetaka kuacha kazi kila muhula, na kila muhula nilimpeleka kula brosheti, ile mishikaki ya kando ya ziwa, mpaka akaghairi. Bado yupo, na amenenepa. Prefe Kalisti tulimzika na filimbi mpya shingoni, ile ya zamani alikwishanipa. Nilimlilia kama baba.

Nilipostaafu, filimbi nilimvika Vestine. Tena safari hii nilimvizia akiwa jikoni, desturi ni desturi. Na ninyi mkanishangaza. Nilidhani mtanipa saa ya ukutani. Mkaleta ng'ombe mwekundu, mpana, wa ukoo wa Gaju mwenyewe, naye Hamisi, mwenye mvi sasa, akateremsha na ndama wake. "Leo sikupakia viti," akasema. Nimemwita Gaju vilevile, sina akili ya majina mapya.

Lakini niwaambie ukweli wa baada ya sherehe. Wiki zile za kwanza zilikuwa ndefu. Saa ya paredi nilikuwa nasimama uani peke yangu. Simu haikulia. Nilikamua ng'ombe, nikafagia, nikajiuliza kama kuna mtu anayekumbuka mama aliyekuwa na funguo.

Juzi ikalia. Alikuwa Olive. Yule wa kiazi. Amefundisha kwa muda Bugeshi kule kule, na sasa amepewa shule ya msingi huku Cyanzarwe, hana hata mwezi kwenye kiti.

"Mama, shikamoo. Wiki kesho tuko na wageni wa wilaya. Nilikuwa nataka kuomba kuazima."

Nikasema, "Olive! Katika watu wote wa dunia hii, wewe ndiye wa kuniomba ng'ombe?"

Akacheka, kicheko cha mtu mzima sasa. "Yooo! Hapana, Mama. Ngombe ikae. Tunataka kuazima we."

Nilikaa chini pale pale, kwenye ndoo. Nikamwuliza mimi mzee nitafanya nini shuleni kwake.

"Ukae ku benchi pale nje siku nzima, kisha uniambie umeona nini. Na wageni wakifika, tutawaambia ukweli. Huyu si wetu, tumemuazima."

Buti za mpira nimeshazitoa, na viatu vizuri nimevitia kwenye mfuko. Gaju nitamwachia jirani kwa siku ile, pamoja na ndama wake.